Tangi la Kuamkia na Kulalia

Kabla hajaitikia shikamoo yako, mama wa mashine alikunusa kwanza. Alikuvuta karibu kama mtu anayetaka kukunong'oneza siri, pua ikapita pembeni mwa shingo yako, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu. Kwenu jana mmekaanga dagaa, na mafuta yalikuwa ya alizeti." Mara nyingi alipatia. Akikosea, alishikilia kwamba wewe ndiye uliyesahau ulichokula.

Wageni walishtuka. Sisi wa mtaa ule wa Masumbwe tulishazoea, tukawa tunainamisha shingo wenyewe kama mtu anayevishwa rozari.

Jina alikuwa nalo, lakini lilibaki kanisani na kwenye kadi ya kupigia kura. Kwetu alikuwa mama wa mashine, kwa kuwa mashine ya kusaga ilikuwa yake, na nadhani pia kwa kuwa yeye na ile injini ya dizeli walifanana. Wote wawili walikuwa wafupi, wazito, wagumu kuamka asubuhi, na wakishaamka hawanyamazi.

Mimi na mama yangu tulipanga chumba kilichogusana ukuta na mashine. Mama aliuza uji na maandazi kwa wanawake waliosubiri zamu ya kusaga. Kwa hiyo nimekulia ndani ya ule mlio, tu-tu-tu-tu, mpaka nikawa siusikii, nauhisi tu. Nikilala mkekani mchana naona maji kwenye kikombe yanacheza, duara ndani ya duara, na mimi nawaza kwamba nyumba yetu ina moyo, na moyo wenyewe uko upande wa pili wa ukuta, umefungwa boliti kwenye zege.

Shida ilikuwa kifua changu. Nilikuwa na pumu. Moshi mweusi wa dizeli ukiingia dirishani, pumzi inakuwa uzi mwembamba, naivuta, haiji. Daktari wa kituo cha afya alimwambia mama bila kuzunguka kwamba mtoto huyu na moshi ule hawawezi kuishi pamoja. Bibi yangu wa Didia, mzaa mama, akatuma salamu nipelekwe kwake, huko mashambani kwenye upepo. Mama asingeweza kuhama, maana riziki yake ilikuwa ile foleni ya kusaga. Ikawa ama moshi uondoke, ama niondoke mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na nilimpenda mama kiasi kwamba akienda sokoni tu naanza kumkumbuka kabla hajafika kona.

Mama wa mashine aliyasikia yote kupitia ukutani. Siku hiyo hiyo akaja na kanga yake kifuani, mikono imejaa grisi.

"Mama Kabula, usimpeleke mtoto. Nipe mpaka mavuno yaishe. Huu moshi nitaufundisha adabu."

"Moshi nao unafundishwa, dada?"

"Moshi ni matapishi. Injini ikilishwa vizuri haitapiki. Niachie mimi."

Mama alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akampa andazi. Basi, makubaliano yakawa yamefungwa hivyo.

*

Kuna watu wanapima moshi kwa vyombo vya kisasa. Yeye alipima kwa shuka. Lilikuwa shuka jeupe la harusi yake, na mumewe alishatangulia mbele ya haki, hakuwepo wa kulalamika. Alilichana vipande vya ukubwa wa leso. Kila alipojaribu mchanganyiko mpya wa mafuta, alishika kipande kwa koleo, akasimama mdomoni kabisa mwa bomba la moshi, na kukiacha kipande kivute moshi huku mahindi yakiendelea kusagwa. Hakukubali kupima injini ikiwa inazunguka bure.

"Injini isiyobeba mzigo ni mwongo," alisema. "Mwekee mahindi, ndipo utamjua."

Vipande vile alivianika kwenye kamba, cheusi kabisa mwanzoni, cha rangi ya chai mwishoni. Wapita njia walidhani kaanza kazi ya udobi.

"Mama, mbona wewe ukifua nguo zinazidi kuchafuka?"

"Lete hiyo yako ya Jumapili, nikuonyeshe!"

Kipimo cha pili kilikuwa chupa ya soda. Aliijaza mchanganyiko, akaunganisha mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini, akatazama chupa ile imesaga mahindi kiasi gani kabla injini haijaanza kukohoa. Alitaka mafuta yasiyochafua shuka wala kuacha mahindi katikati ya kinu. Alivyosema, kupata kimoja ni rahisi, kazi iko kwenye kuvipata vyote.

Na alichanganya kila kitu. Mafuta ya pamba kutoka wakamuaji wa Kahama. Alizeti. Mbono, zile mbegu za miti ya uzio, ambazo tuliokota sisi watoto. Mawese ya wafanyabiashara wa Kigoma. Mafuta yaliyokwisha kazi kwa wakaanga chipsi wa stendi, ambayo aliyachuja kwa kitenge mpaka yakawa kama asali. Yote hayo aliyatia dizeli kidogo, au dizeli nyingi, au zaidi kidogo ya jana.

Kila mchanganyiko aliupa jina la mtu. Uliopiga kelele sana na kusaga kidogo aliuita Diwani. Uliokwenda polepole, bila moshi, bila kumaliza, aliuita Katekista. Kulikuwa na Mkwe Mpya, ambao siku za kwanza ulikuwa na heshima sana, halafu ukaonyesha rangi zake. Bibi Harusi ulitoa moshi mweupe mwingi kama shela. Mchimbaji ulikuwa na nguvu za ajabu asubuhi, mchana haupo. Dizeli tupu aliiita Serikali. "Ina nguvu, inatia watu weusi, na huwezi kuikwepa," alisema, na wanawake kwenye foleni wakaangua kicheko huku wakitazama nyuma kama mtendaji wa kata hayupo karibu.

Katekista wa kweli wa kigangoni aliposikia, alikuja kulalamika. Mama wa mashine alimnusa, akamwambia amekula maharage, akamsagia mahindi yake kwanza kabla ya wote. Akaondoka ameridhika, sijui kwa lipi.

*

Siku za mafuta ya chipsi ndizo nilizozipenda kuliko zote. Mtaa mzima ulinukia kama stendi saa ya jioni. Watoto tulikuja kusimama karibu na ukuta tukimeza mate. Wanawake walisema wakifika nyumbani na unga ule, waume wao wanauliza chipsi ziko wapi. Mimi nililala mkekani nikaota mabasi yote ya kwenda Mwanza yanatembea kwa mafuta ya chipsi, na barabara nzima kuanzia Masumbwe inanukia, na abiria wote wanafika na njaa na furaha. Niliwahi kumsimulia mama wa mashine ndoto hiyo. Hakucheka. Alifikiri, akasema, "Basi kubwa litahitaji chujio zuri." Kama vile basi lenyewe limeshapaki nje.

Kipimo cha tatu kilikuwa mimi.

"Kabula! Njoo upumue."

Alikuwa na mwiko wa ugali, mrefu, mti mgumu, mpini umeng'aa kwa kushikwa. Ndio aliosikilizia injini. Aliweka ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, na akasikia kama nozeli inanyunyiza mafuta vizuri au inatema. Lakini injini ile ile ilimla masikio taratibu, miaka na miaka ya tu-tu-tu, akabaki mtu wa kupiga kelele hata akikusalimia. Sikio liliposhindwa, aliuhamishia mwiko mdomoni. Alibana mpini kwa meno na mlio ukapanda kwa mfupa mpaka kichwani. Ukimkuta hivyo, ameinama, macho yamefumba, mwiko mdomoni, injini inamtingisha mashavu, ungedhani anaila.

Basi na mimi alinisikiliza vivyo hivyo. Ncha mgongoni kwangu, mpini menoni kwake. Mama alipiga kelele kutoka kwenye jiko la maandazi:

"Dada, huo mwiko una grisi! Utamharibia mwanangu shati la shule!"

"Grisi hailii, pumu ndiyo inalia," alijibu huku meno yameubana mwiko, maneno yakatoka yamepinda. Kisha kwangu, "Vuta. Toa. Vuta tena, usiwe na haraka kama unaibiwa."

Nilijitahidi kupumua kama injini ili asikie vizuri. Niliamini kabisa kwamba humu ndani kuna gurudumu dogo linazunguka, na yeye peke yake ndiye anayeliona. Nikiwa salama, alitoa mwiko mdomoni na kusema neno moja, "Inasaga." Hiyo ilikuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Mahubiri mazuri, inasaga. Bibi harusi mrembo, anasaga. Mtoto aliyefaulu, anasaga. Nisipokuwa salama, alikwenda kwenye kamba, akakichukua kipande cha siku hiyo, akakirudisha mwanzo wa mstari, hata kama kwa macho kilionekana cheupe. Kifua changu kilikuwa na kauli kuliko shuka.

*

Nisije nikamfanya malaika. Huyu mama aliyepigana na moshi wa dizeli alipikia kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha, akatoka macho mekundu kama pilipili. Ukimwambia, anasema, "Ule ni moshi wa chakula, unanijua." Alinusa ugoro. Jumapili alikataza mtu kugusa hendeli ya kuwashia injini, ni siku ya Bwana, lakini akitoka misani alikwenda kukaa kando ya injini na kuifuta kwa kanga ile ile ya kanisani.

Na alikuwa na mwenzake wa kushindana naye, mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga kule juu, karibu na barabara kubwa. Kila mtu aliyemuuliza mama wa mashine anachanganyaje mafuta, alimwambia yote bila kificho, hata wenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu waliokuja na pikipiki kutoka machimboni. Yule mzee alipotuma mtu kuuliza, akamjibu kwa upole mkubwa, "Mwambie aongeze mawese. Mengi tu. Asiogope." Alijua vizuri mawese yakipoa yanakuwaje. Alicheka siku ile mpaka akashika ukuta.

Mtu mwingine wa kubishana naye alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, kijana mpole aliyeleta mahindi yake mwenyewe kwenye ndoo. Yeye alimweleza kwamba mafuta ya mimea ni mazito, nozeli inashindwa kuyanyunyiza laini, ndiyo maana mengine yanaungua nusu na nusu inabaki masizi. Akashauri yapashwe moto kabla ya kuingia.

"Yaani mwalimu unataka nichemshe mafuta kama nakaanga sambusa?"

"Ndiyo mama, kama sambusa hasa."

"Umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana una mawazo mengi. Haya, shika unga wako."

*

Kuelekea mavuno aliupata mchanganyiko mzuri. Ulikuwa mafuta ya pamba na dizeli, pamba ikizidi. Kipande cha shuka kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, chupa ilisaga kwa ukarimu, na mimi nikalala wiki kwa wiki bila kuamka nikitafuta hewa. Mchanganyiko huo hakuupa jina. "Nikiuita utaanza maringo," alisema.

Ulikuwa na masharti yake. Injini iliwashwa kwa dizeli tupu mpaka ipate moto, ndipo akabadilisha dumu na kuweka mchanganyiko. Kabla ya kuzima, alirudisha dizeli tena, izunguke kidogo, isafishe mipira na nozeli, maana mafuta ya kupikia yakilala ndani ya bomba yanaganda. Alisema injini inaamkia dizeli na inalalia dizeli, katikati ndipo inakula ya kwake.

Kisha pamba ya msimu uliopita ikaisha kwa wakamuaji, mpya haijavunwa. Foleni ya kusaga ndiyo kwanza inarefuka. Akaweka mawese badala yake. Alijua hatari yake, alijiamini tu kwamba jioni atasafisha kwa dizeli kama kawaida.

Kwetu jeneza likipita barabarani, mashine zinanyamazishwa. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini muziki wa dukani unazimwa, pikipiki inasimama, mtu anavua kofia. Siku ile tulikuwa tunamzika bibi mmoja muuza karanga, mteja wa mashine tangu ilipofungwa. Tuliambiwa watapita jioni. Wakapita mchana. Mama wa mashine hakusikia nyimbo, masikio yake ndiyo yale, aliona tu wanawake wa foleni wamesimama na kushusha mitandio. Akageuka, akaliona jeneza limeshafika mlangoni. Akaivuta waya ya kuzimia papo hapo. Mlio ukakatika. Akatoka akapiga magoti vumbini, kisha akafuata msafara mpaka makaburini na vumbi la unga nyweleni, analia kwa sauti kuliko wafiwa.

Ulikuwa msimu wa baridi, na mawese yalilala ndani ya mipira bila kusafishwa kwa dizeli. Asubuhi yake akapiga hendeli, akapiga tena, akaita vijana wawili nao wakapiga. Kimya. Alipofungua mpira wa mafuta, mawese yalikuwa yameganda ndani yake, ya rangi ya chungwa, magumu kama samli ya kopo. Habari zilipanda barabarani kwa kasi, na kabla ya saa nne mtoto mmoja akaja na salamu kutoka kwa yule mzee wa mashine ya juu:

"Babu anasema uongeze mawese. Mengi tu. Usiogope."

Mama wa mashine akaendelea kukwangua mpira.

Foleni ikaanza kupandisha sauti. "Mama, tuna watoto nyumbani! Tuwekee Serikali twende!" Akang'oa mipira, akaisafisha anavyoweza, akaweka dizeli tupu. Nozeli nayo ilikuwa imeshapaliwa. Moshi uliotoka siku ile sijauona tena mpaka leo, mweusi, mnene, unajikunja kama blanketi. Ulipita dirishani kwetu na mimi nikiwa mkekani. Nakumbuka maji ya kikombe yakicheza. Nakumbuka nikiyatazama yale maduara na kufikiria, nikivuta pumzi hii moja tu ikaja, nitakwenda Didia, nitakwenda popote.

Mama alinibeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Nilirudi mzima, na bibi wa Didia, aliyepelekewa habari, akawa ameshafika. Akafungasha nguo zangu kwenye begi la shule, akaliweka mlangoni, akakalia kigoda pembeni yake.

"Nimengoja ya kutosha," akasema. "Kesho tunaondoka na huyu mtoto."

Mama hakubisha. Alikanda unga wa maandazi, machozi yakadondokea humo humo.

Upande wa pili wa ukuta, mlio ulikuwa umenyamaza. Mama wa mashine alikuwa amezima katikati ya mavuno, akawaambia wateja waende mashine ya juu. Waende kwa yule mzee! Niliona ile foleni yote ikibeba ndoo zake na kupanda. Yeye akavaa ndala, akaenda sekondari, akasimama dirishani mwa darasa na kuita mbele ya wanafunzi wote kwa ile sauti yake:

"Mwalimu! Njoo useme tena lile la sambusa."

Walifanya kazi wawili mpaka jua likazama, na asubuhi wakaendelea. Walitoa bomba la shaba nyuma ya friji bovu, wakalizungusha kwenye bomba la moshi, raundi kwa raundi, mafuta yapite humo yapate moto kabla ya kufika kwenye nozeli. Nozeli nayo mwalimu aliipeleka kwa fundi ikasafishwa. Kisha wakachukua kopo la rangi, wakalifunga juu ukutani na koki yake pembeni. Humo ikakaa dizeli. Geuza koki huku, injini inakunywa dizeli. Geuza kule, inakunywa mchanganyiko. Hakuna tena kubeba madumu huku na kule. Mama wa mashine akalipa jina lile kopo, tangi la kuamkia na kulalia.

Bibi alikuwa ameshasimama na begi mkononi aliposikia mlio.

"Mayu," mama wa mashine akamwita kwa Kisukuma, yaani mama, heshima zote, "kaa kidogo. Basi la Kahama halijajaa."

Akageuza koki. Injini ikasita, ikameza, ikaendelea. Hakuwa na mteja, akamwaga mahindi yake mwenyewe kinuni ili ibebe mzigo. Akasimama mdomoni mwa bomba na kipande cha mwisho cha shuka la harusi. Bibi akakipokea, akakigeuza, akakisogeza karibu na macho. Rangi ya chai, tena ya maziwa mengi. Mimi nikawekewa mwiko mgongoni. Nikavuta. Nikatoa. Mama yangu amesimama na unga mpaka kwenye viwiko.

"Inasaga," mama wa mashine akasema.

Bibi aliinua pua hewani. Alikuwa ananusa. Mwalimu alikuwa ameongeza mafuta ya chipsi.

"Sasa mbona nasikia njaa?" akauliza.

Aliondoka kesho yake na ndoo ya unga. Begi alilirudisha ndani mwenyewe.

*

Baada ya hapo mama wa mashine alibaki na tatizo moja na marehemu. Hakuweza tena kuzima papo hapo. Jeneza likipita, alitakiwa ageuze koki kwanza, dizeli izunguke, ndipo azime. Kwa muda ule mfupi mashine yake ndiyo iliyokuwa ikiunguruma peke yake mtaa mzima, na watu wakaanza kunung'unika kwamba hana adabu kwa wafu, yeye aliyelia kila msiba kama ni wa kwake.

Akapata njia. Aligeuza koki, akatoka nje, akapiga magoti, na kuliambia jeneza kwa sauti ya kiziwi, "Subiri kidogo, mayu. Mashine inaaga." Wabebaji wakasimama. Mlio ukaanza kubadilika, ukawa mwepesi, ukapungua, tu-tu, tu, tu. Ukaisha. Ndipo akasema, "Wabeja," asante, nao wakaendelea.

Mara ya kwanza watu walitazamana. Baadaye wabebaji wakawa wanapunguza mwendo wenyewe wakikaribia. Nilisikia mama mmoja akiusia wanawe kwamba siku yake wasimpitishe njia ya juu, wampitishe kwa mama wa mashine, aagwe vizuri.

*

Umeme ulipofika mtaani, mashine zote zikawekwa mota. Mota inaunguruma kama nyuki, haili mafuta, haitapiki. Yeye hakuichukia. Aliigusa kwa mwiko wake, akabana meno, akasikiliza. "Huyu hana habari," akasema. Hakuwa na fedha wala hamu ya kununua yake. Binti yake akamchukua, akaenda kukaa naye Nyasubi, Kahama.

Mimi shule haikunipeleka mbali, lakini kifua kimenipeleka. Napikia wachimbaji upande wa Geita, ugali na samaki, sufuria kubwa, moto mkubwa. Jioni makarasha yanasaga mawe na moshi wao mweusi unasimama juu ya machimbo, nami nawaza ningeupeleka wapi kama ningekuwa na koki ndefu ya kutosha. Wenzangu wananicheka kwa sababu siwezi kumwaga mafuta yaliyokaangia. Nayachuja, nayaweka dumuni. Ya nini, Kabula? Sijui. Nayaweka tu.

Mwezi uliopita nilibeba dumu moja nikaenda Nyasubi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amezungushiwa mito, amekuwa mdogo. Macho yalikuwa na ukungu. Binti yake alininong'oneza kwamba ni mapafu, wameshakwenda hospitali, wameambiwa wampumzishe. Nilisema shikamoo, hakusikia. Nikainama. Pua yake ikapita pembeni mwa shingo yangu, taratibu sana.

"Marahaba," akasema. "Samaki. Na kuni. Na maandazi ya mama yako hayajakutoka. Kabula."

Nilimfungulia dumu. Alichovya kidole, akanusa, akakunja uso.

"Mmeyachosha haya. Umechujia kanga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kitenge, mwanangu. Kanga inapitisha masizi."

Nilimtazama anavyopumua. Kifua kilikuwa kinapanda juu mno kwa hewa kidogo mno. Naijua ile pumzi. Ni uzi ule ule. Nikamwona tena amesimama mdomoni mwa bomba na koleo lake na kipande cha shuka, siku kwa siku, uso ndani ya moshi, akitafuta mchanganyiko utakaonifaa mimi. Hata ningesema kitu asingesikia, nikamshika mkono tu, machozi yananitoka kama mtoto.

"Acha hiyo," akasema. "Nimeshageuza koki, Kabula. Niko kwenye tangi la kulalia. Ndivyo injini inavyozimwa vizuri. Ukikata ghafla ndiyo inaganda." Akapumzika, akavuta, akatoa. "Mwambie huyu aniletee mwiko."

Binti yake alileta wa jikoni, bado una maji. Nikageuka, nikampa mgongo, nikahisi ncha ikigusa pale pale pa zamani. Nikavuta pumzi.

"Hapana. Beba kitu kwanza."

Nilikuwa nimesahau. Kulikuwa na ndoo ya maji pembeni ya mlango, imejaa. Niliinyanyua kwa mikono miwili nikasimama nayo, maji yakacheza ndani, duara ndani ya duara. Nikavuta pumzi mpaka mwisho, nikaitoa polepole, bila haraka kama naibiwa. Mwiko ulitetemeka kidogo, sijui kwa pumzi yangu au kwa meno yake. Mikono ilianza kuniuma, nikavuta tena, nikatoa tena, wapita njia wa Nyasubi wakitushangaa.

Hatimaye mwiko ukatoka mgongoni.

"Unasaga, mwanangu," akasema.

Ndoo sikuitua. Niliogopa kwamba nikiitua atakuwa amemaliza kusikiliza.